Homa Inayozaliwa Wodini: Kanula na Maambukizi ya Damu Mkoani Songwe

Tunduma ni mji uliozoea kuyangojea maradhi mpakani. Kipindupindu kikivuma Zambia, wasafiri wanaotoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, huandaliwa maji ya kunawa, vipimajoto na maswali. Mei 2020, korona ilipopamba moto Nakonde, Zambia iliufunga mpaka huo kwa siku kadhaa, na malori yakalala barabarani upande wetu. Macho yote huelekezwa getini. Lakini upo ugonjwa usiohitaji kuvuka mpaka wowote, kwa sababu mgonjwa huingia hospitali hana, akaupatia kitandani. Amelazwa kwa nimonia, au amejifungua kwa upasuaji, amewekewa kanula mkononi, mrija mdogo wa plastiki unaoingia mshipani kupitisha dawa na maji. Siku ya pili ana nafuu, anakunywa uji, anaulizia kwenda nyumbani. Siku ya tatu au ya nne anaanza kutetemeka, homa inapanda, mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Kipimo cha haraka cha malaria hakioni kitu. Mara nyingi mawazo hukimbilia malaria vilevile, au taifodi, na dawa nyingine huongezwa kupitia kanula ileile.

Jambo linalochelewa kufikiriwa ni kwamba bakteria wameingia kwenye damu kwa njia ya kanula yenyewe. Katika mkoa kama Songwe, naamini tatizo hili linaamuliwa zaidi na namna kanula inavyoingia na inavyotolewa kuliko na wingi wa dawa tunazopitisha katikati. Na sehemu kubwa ya kazi hiyo haisubiri mashine za bei kubwa.

Ngozi ni ukuta wa mwili, na kanula ni tundu linaloachwa wazi kwenye ukuta huo kwa saa na siku. Bakteria wana njia tatu za kulipitia. Ya kwanza ni ngozi ya mgonjwa mwenyewe: pale pasipofutwa vizuri, au spiriti isipoachwa ikauke kabla ya kuchoma, bakteria waishio juu ya ngozi huteleza kwa nje ya mrija hadi ndani ya mshipa. Ya pili ni kichwa cha kanula, pale bomba la sindano linapochomekwa mara nne, mara sita kwa siku. Hapo mikono ya mtoa huduma ndiyo inayoamua. Ya tatu ni maji yenyewe ya dripu. Wakishatua kwenye plastiki, bakteria hujitengenezea utando wa ute na kujificha ndani yake. Antibiotiki huwaua wanaoelea kwenye damu, ila wale wa kwenye utando haiwafikii ipasavyo. Ndiyo maana homa hushuka kwa siku moja kisha ikarudi, na ndiyo maana tiba ya kwanza ni kuing'oa kanula. Kubadili dawa huku kanula imebaki pale pale ni kuupa ugonjwa muda.

Afrika Mashariki haikosi ushahidi. Katika hospitali ya Muhimbili, mwaka 2001 na 2002, watafiti walifuatilia watoto 1,828 waliolazwa wakiwa na dalili za maambukizi mazito. Damu ya watoto 255, yaani asilimia 13.9, ilikutwa na vimelea. Zaidi kidogo ya theluthi moja ya hao walikufa. Kwa walioambukizwa bakteria wa kundi la Gram hasi, vifo vilifika asilimia 43.5, wakati kwa watoto wenye malaria vilikuwa asilimia 20.2. Nchi iliyojipanga kupambana na malaria ilikuwa na ugonjwa mwingine wodini, unaoua mara mbili zaidi, usiokuwa na kampeni wala wimbo redioni.

Wapo watakaosema, na ni kweli, kwamba si watoto wote wa Muhimbili waliambukizwa hospitalini. Wengine walikuja na ugonjwa kutoka nyumbani. Jibu la hoja hiyo lilitoka Kilifi, pwani ya Kenya, kwa kuwa pale watoto wanaolazwa huchukuliwa damu ya kuoteshwa maabara, ili bakteria waonekane, kama jambo la kawaida. Kati ya 2002 na 2009 walitenganishwa waliofika na bakteria na waliowapata baada ya kulazwa. Waliowapata hospitalini walikuwa wachache, karibu 6 kwa kila watoto 1,000 waliolazwa. Lakini asilimia 53 yao walikufa, ikilinganishwa na asilimia 24 ya waliokuja nao kutoka nyumbani, na asilimia 6 ya wasiokuwa na bakteria kwenye damu. Uchache huo usitudanganye. Huko Mulago, Kampala, watafiti walizichunguza ncha za kanula zilizotolewa kwa watoto 391, wakakuta karibu moja kati ya kila tano ina bakteria. Wengi wao hawakuwa na ugonjwa kwenye damu, ila mbegu ilikwishapandwa.

Anayetajwa mara kwa mara, Muhimbili na Kilifi kwa pamoja, ni bakteria aitwaye klebsiela. Anastahili kutazamwa kwa jicho la pekee. Klebsiela na jamaa zake, enterobakta na seratia, wana uwezo wa kuzaliana ndani ya maji ya dekstrosi ya asilimia 5 kwenye joto la kawaida la chumba, ambamo bakteria wengine wengi hunyong'onyea. Wakizaliana, maji huendelea kuonekana maangavu. Dunia ililijua hili kwa gharama. Kati ya 1970 na 1971 wagonjwa 378 katika hospitali 25 za Marekani waliambukizwa bakteria wa jamii hiyo, na chanzo kikagunduliwa kuwa vifuniko vya chupa za maji ya dripu za kampuni ya Abbott. Mwaka 1972 wagonjwa wa hospitali ya Devonport, Uingereza, walifariki baada ya kupewa dekstrosi ambayo sehemu ya chupa zake hazikuiva sawasawa kwenye mtambo wa kutakasia.

Kwetu leo shaka yangu kubwa haipo kiwandani. Ipo mezani, kwenye toroli la dawa. Chupa ya plastiki huchomwa sindano juu ili hewa iingie na maji yashuke haraka, na sindano hiyo hubaki pale saa zote. Chupa moja ya maji ya chumvi hufunguliwa asubuhi kwa ajili ya kuchanganyia dawa na kusafishia kanula, ikahudumia wodi nzima mpaka jioni, kila mara ikitobolewa upya. Dripu iliyosimamishwa jana kwa sababu mgonjwa alikwenda kupigwa picha huunganishwa tena leo. Hakuna hata moja kati ya hayo linalofanywa kwa nia mbaya. Vichupa vidogo vya kutumia mara moja vikikosekana, muuguzi atatumia chupa kubwa. Na mwisho wa mwezi ripoti itaonyesha kwamba dawa zilitolewa kwa wakati.

Sasa tuitazame Songwe yenyewe, kwa sababu jiografia yake inaongeza jambo ambalo tafiti za hospitali moja moja hazilioni. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.3, na mji wa Tunduma peke yake zaidi ya laki mbili, bila kuhesabu madereva na wafanyabiashara wanaolala wakisubiri forodha. Rufaa hupanda ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa Vwawa, kisha hospitali ya rufaa ya kanda Mbeya. Kutoka Tunduma hadi Mbeya ni kama kilomita 100, kwenye barabara ileile inayobeba shaba ya Zambia na Kongo. Mtu wa bonde la Rukwa, kule Kamsamba, huanza na safari nyingine ndefu kabla ya kuiona lami.

Katika safari hiyo mgonjwa husafiri na kanula yake. Mara nyingi iliwekwa kwa dharura, usiku, mama anavuja damu, umeme umekatika, mwanga ni wa tochi ya simu. Aliyeiweka alifanya jambo sahihi: aliokoa maisha. Lakini kanula iliyowekwa katika hali hiyo, bila usafi kamili, inapaswa kubadilishwa mapema mgonjwa akishatulia, na miongozo ya kimataifa imekuwa ikisema isizidi siku mbili. Nani atalijua hilo Vwawa? Muuguzi anayempokea anaona kanula inapitisha maji, anashukuru, anaendelea nayo. Mgonjwa akipelekwa Mbeya, kanula imekwishapita mikono ya watu wa vituo vitatu, na plasta iliyoishikilia haina tarehe. Homa ikilipuka Mbeya, Mbeya ndiyo itakayohesabiwa ugonjwa uliopandwa wilayani Momba. Na kituo kilichoupanda hakitapata habari, hivyo hakitakuwa na sababu ya kubadili chochote.

Hapa ndipo ninapoona nafasi ya kwanza ya mkoa, na haina gharama. Fomu ya rufaa iwe na mstari mmoja wa kanula: imewekwa wapi mwilini, lini, saa ngapi, kwa dharura au kwa utulivu. Plasta iandikwe tarehe kwa kalamu. Na hospitali inayopokea iwe na msimamo kwamba kanula iliyofika bila tarehe itolewe mara tu nyingine ikiwekwa mahali safi, au itolewe kabisa kama mgonjwa anaweza kumeza vidonge.

Kuhusu muda wa kuibadilisha, wodi nyingi zimeshika kanuni ya saa 72. Kanuni hiyo ina historia, na imepingwa vizuri. Mwaka 2012 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa hospitali tatu za Queensland, Australia, uliohusisha wagonjwa 3,283. Nusu walibadilishiwa kanula kwa ratiba ya siku tatu, nusu walibadilishiwa pale tu palipoonekana sababu. Mishipa iliyovimba na kuuma ilikuwa asilimia 7 kwa makundi yote mawili. Kwa hesabu hiyo, kumchoma mgonjwa upya kwa sababu kalenda imesema hakumsaidii.

Hata hivyo nasita kuuhamisha ushahidi huo Songwe kama ulivyo. Neno "sababu" katika utafiti ule lilikuwa na mtu nyuma yake: muuguzi aliyeinama kila zamu akatazama kama pamekuwa pekundu, pamevimba, panauma, plasta imelowa. Mahali ambapo muuguzi mmoja wa zamu ya usiku anabeba wodi nzima, pamoja na wajawazito wanaoletwa saa nane, kutazama huko hakuwezi kuchukuliwa kuwa kunafanyika. Pasipo na jicho, ni heri kalenda ibaki. Kosa la kanuni ya saa 72 liko kwingine: imewafanya wengi waamini kwamba siku ya kwanza na ya pili ni salama, kwa hiyo kanula isiyo na kazi huachwa mkononi "mpaka siku zake ziishe". Kanula isiyo na kazi inapaswa kutoka saa hiyo hiyo.

Na nyingi hazina kazi. Hili ni eneo ambalo wataalamu na wananchi tunashirikiana kukosea. Kwetu dripu ina heshima. Mtu akiumwa na asiwekewe maji, ndugu hulalamika kwamba hakutibiwa. Yapo maeneo ya biashara ambako mtu aliyechoka kwa safari hulipia dripu ya "kuongeza nguvu", akatoka na chupa moja yenye vitamini ya njano. Lita moja ya dekstrosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari. Chai nzito na maandazi mawili yanaweza kumpa nguvu zaidi, bila tundu kwenye mshipa. Wodini nako, seftriaksoni ya sindano hutolewa kwa siku tano au saba kwa mgonjwa ambaye tangu siku ya tatu anakula ugali na angeweza kumeza kidonge.

Ushahidi wa kupunguza imani hii ulitoka kwa watoto wetu wenyewe. Utafiti ulioitwa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, uliwahusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, wakiwemo wa hospitali ya Teule, Muheza. Wote walikuwa na homa kali na dalili za mzunguko dhaifu wa damu. Waliomiminiwa maji mengi kwa haraka kwenye mshipa walikufa zaidi ndani ya saa 48: asilimia 10.6 na 10.5 kwa aina mbili za maji, dhidi ya asilimia 7.3 ya wasiomiminiwa. Utafiti huo haukuhusu bakteria wa kanula, na mgonjwa wa kipindupindu aliyekauka kabisa bado ataokolewa na dripu. Lakini uliondoa dhana kwamba maji ya mshipani, hata yasiposaidia, hayadhuru.

Katika suala la mikono, mahubiri yamekuwa mengi kuliko maji. Kilio cha maji cha Tunduma ni cha miaka mingi. Kumwambia muuguzi anawe kati ya kila mgonjwa, ilhali bomba lina zamu na ndoo iko mwisho wa korido, ni kumpa amri isiyotekelezeka. Njia iliyothibitika ni kitakasa mikono chenye alkoholi kinachoning'inia kwenye kitanda. Shirika la Afya Duniani lilitoa zamani fomula ambayo famasia ya hospitali inaweza kuichanganya: ethanoli asilimia 80, gliseroli asilimia 1.45, haidrojeni peroksaidi asilimia 0.125, na maji yaliyochemshwa yakapoa. Hospitali ya Point G mjini Bamako, Mali, ilitumia kitakasa kilichotengenezwa papo hapo kwa alkoholi ya miwa, na usafi wa mikono ukapanda kutoka asilimia 8 ya mara zilizostahili hadi asilimia 21.8. Ni kidogo, na walioandika hawakuificha idadi hiyo. Bado ni karibu mara tatu ya pale walipoanzia.

Mfano unaotajwa zaidi duniani ni wa jimbo la Michigan, Marekani, ambako daktari Peter Pronovost na wenzake walizipa wodi za wagonjwa mahututi zaidi ya 100 orodha ya mambo matano: nawa mikono, vaa vazi kamili na tandaza shuka safi, safisha ngozi kwa klorheksidini, epuka mshipa wa kinena, ondoa katheta isiyohitajika. Ripoti ya 2006 ilionyesha wastani wa maambukizi ukishuka kutoka 7.7 hadi 1.4 kwa kila siku 1,000 za katheta. Orodha ile ililenga katheta ndefu zinazofika karibu na moyo, ambazo kwa Songwe ni nadra.  Kanula ndogo ya mkononi ina hatari ndogo kwa kila siku moja. Mapitio ya tafiti 200, zilizofanyika zaidi katika nchi tajiri, yaliikadiria kuwa 0.5 kwa siku 1,000. Tofauti ni wingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya wanaolazwa huwekewa kifaa cha mshipani wakati fulani, na Mei 2024 lilitoa kwa mara ya kwanza mwongozo mahususi kuhusu vifaa hivi vidogo.

Kilichofanya Michigan ifaulu, kwa maoni yangu, ni ruhusa. Muuguzi aliruhusiwa kumsimamisha daktari akiona hatua imerukwa. Katika hospitali zetu sista wa miaka ishirini kazini bado huona vigumu kumwambia daktari kijana, "Subiri, hujafuta ngozi." Hapo ndipo uongozi wa hospitali unapohitajika, kuliko semina nyingine ya siku mbili. Na nyanda hizi za juu kusini zina kumbukumbu ya mabadiliko yaliyoanza na wahudumu wenyewe: hospitali ya rufaa ya Mbeya ilikuwa miongoni mwa za mwanzo nchini kuingia mpango wa Kijapani wa 5S, mwaka 2007, wa kupanga na kusafisha mahali pa kazi, na wageni kutoka hospitali nyingine wakaja kujifunza.

Watoto wachanga wanahitaji sentensi zao. Mishipa yao ni midogo, kanula huchukua majaribio mengi, hivyo ikishaingia kila mtu anaogopa kuitoa. Dekstrosi hupewa kwa saa nyingi, kinga yao haijakomaa, na bakteria wanaowapata mara nyingi ni sugu. Hospitali ya Bugando, Mwanza, imempa jina lake bakteria mmoja: Enterobacter bugandensis, aliyepatikana kwenye damu ya watoto wachanga pale na kutambuliwa rasmi kuwa spishi mpya mwaka 2016. 

Bila kuotesha damu, hatutajua Songwe ina bakteria gani. Kipimo hicho kinahitaji chupa maalumu, mashine ya joto, umeme usiokatika na mtaalamu, na majibu huchukua siku mbili au zaidi. Mbeya ina uzoefu zaidi wa kuotesha. Naona busara kuijengea Vwawa uwezo huo kama hospitali ya mkoa, na wakati huo huo kupanga usafiri wa sampuli kwenda Mbeya, kwa kuwa magari ya rufaa huenda huko hata hivyo. Utafiti wa Muhimbili ulionyesha kwamba kupewa dawa ambayo bakteria ameizoea kulikuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya kifo. Kila daktari anayeongeza antibiotiki kwa kubahatisha anaupalilia usugu huo.

Lakini kuhesabu kunaweza kuanza kabla ya maabara. Wodi yenye wagonjwa 20 wenye kanula kila siku, kwa mwezi wa siku 30, ina siku 600 za kanula. Muuguzi mmoja akipita asubuhi na karatasi, ataandika mambo manne: kanula ngapi zipo, ngapi zina tarehe, ngapi zina uwekundu au uvimbe, ngapi hazijatumika tangu jana. Haihitaji zaidi ya nusu saa. Baada ya miezi mitatu hospitali za mkoa huu, za Vwawa, Tunduma, Itumba na Mkwajuni, zitakuwa na namba zao wenyewe za kuweka mezani kwa mganga mkuu wa mkoa, zikiomba vichupa vidogo vya maji ya chumvi, klorheksidini na kitakasa mikono kwa kiasi kinachojulikana. Na zile kanula zisizotumika tangu jana zitakuwa zimekwishatolewa asubuhi hiyo hiyo.